Honi ya Kwenye Kona

Muuza vipuri aliona honi iliyoshika kutu mapajani mwa mzee aliyeketi naye kwenye treni, na ulimi ukamwasha.

"Baba, hiyo ukiitengeneza utalipa mara tatu ya bei ya mpya. Fundi atakula hela yako bure."

"Mpya ninayo, mwanangu. Nimeifunga kwenye gari langu tangu mwezi uliopita, na inalia vizuri."

"Sasa hii ya nini?"

Mzee aliipangusa kwa kiganja. "Mama yenu maradhi yamemsahaulisha watu. Mimi mwenyewe ananiita mgeni. Lakini kila nilipopiga hii pale kwenye kona, alitoka mlangoni akijipangusa mikono, akisema, mume wangu huyo. Hiyo mpya nimeipiga mpaka majirani wakatoka. Yeye hakugeuza hata shingo."

Muuza vipuri alijua kwamba waya wa ndani ukishaungua hauna dawa, na kwa mara ya kwanza hakutaka kumuuzia mtu kitu.

"Hata ikipona, baba, haitalia kama mwanzo."

"Ikikaribia tu, itanitosha."

Treni ikasimama. Mzee akashuka, akamuuliza mtu wa kwanza aliyekutana naye njia ya kwenda kwa mafundi.