Muhuri Usikae Mkononi mwa Anayeuza

Mheshimiwa mgeni rasmi uliyetoka ofisi ya viwango; Ndugu mwenyekiti wa ushirika wetu wa wapasua mbao; wajumbe wa kamati; wazee mliotutangulia katika kazi hii; mafundi wa misumeno, wa tanuri na wa uwanjani; wateja wetu; majirani mnaovumilia kelele zetu asubuhi mpaka jioni; na wewe shemeji yangu, uliyekalishwa mbele leo kama bibi harusi na hujui mikono uiweke wapi: hamjambo?

Hamjambo kweli? Maana huku nyuma nasikia vikohozi. Poleni na vumbi. Habari za nyumbani, habari za wagonjwa? Mama mzazi wa fundi wetu wa msumeno mkubwa anaendeleaje? Nimeambiwa ameanza kula na kugombeza watu, basi amepona. Tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha chini ya banda hili tukiwa wazima na vidole vyetu vyote, na kwa wapasua mbao hiyo si salamu ya mdomo tu.

Ndugu zangu, shuleni mimi sikufika mbali, na hotuba sikuzizoea. Kazi yangu ni kuuza. Nimezoea kusema na mtu mmoja mmoja pale getini, nimemshika mkono, namwita kaka hata kama simjui. Nitasema nanyi vivyo hivyo, na neno lililonisimamisha nitalitaja mapema msije mkalingoja mpaka chai ipoe. Shemeji yangu anastaafu leo. Muhuri wa alama ya ubora, huu hapa mezani, lazima upate mkono mwingine. Ni mkono gani? Hilo ndilo nitakalolisema, na nikishalisema watakuwapo wa kufurahi na watakuwapo wa kuninunia.

Kwa faida ya wageni nieleze kidogo. Sheria iliyokuja inasema mbao ya kujengea, ile ya kubeba paa au sakafu, isitoke kiwandani bila alama. Alama hiyo inataja nani ameipasua, ina nguvu ya daraja gani, na kwamba imekaushwa. Na nyuma ya alama lazima awepo mtu mmoja, aliyefundishwa na kufuzu, ambaye akiulizwa hawezi kusema "nadhani ni wale wa zamu ya jana".

Kabla ya hapo tuliuzaje? Wazee mnakumbuka, msijifanye mmesahau. Mteja alikuja na kipande cha chaki sikioni, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akachora alama ya vema kwenye aliyoipenda. Na sisi tulijua kupanga rundo: nzuri juu, yenye macho mengi, yale mafundo ya matawi, katikati, na iliyopinda chini kabisa, ambako uzito wa wenzake huinyoosha kwa adabu mpaka ifike kwa mwenyewe. Naona mzee wangu pale anacheka huku ameziba mdomo. Cheka tu, baba, sote tumetoka huko.

Basi alama ikaja, tukasoma masharti, tukakaguliwa, tukapewa muhuri. Furaha iliyoje! Tukaanza kuugonga kwenye ncha za mbao, kwa sababu rundo likipangwa vizuri ncha zote zinatazama barabarani, na mpita njia anaona alama safu kwa safu kama vifungo vya shati jipya. Tulijipiga kifua. Mpaka siku mkaguzi, ambaye leo ndiye mgeni wetu rasmi, alipokwenda kwenye jengo moja kutazama mbao zetu zikiwa kazini. Akapanda ngazi, akakagua paa zima, hakuona alama hata moja. Akateremka akamuuliza fundi, "Mbao hizi umezitoa wapi?" Fundi akatutaja. "Mbona hazina alama?" Fundi akashangaa: "Alama si ilikuwa kwenye ncha, bosi? Na ncha ndiyo tunayoikata kwanza!" Mkaguzi akageuka, na pale pembeni mama muuza chai amekoka moto, vipande vya ncha vimo jikoni vinawaka, muhuri wetu wa ubora unachemsha birika. Mheshimiwa, nasikia ulikaribishwa kikombe na ukakinywa. Basi hata wewe umenufaika na alama ile.

Tulivyoitwa kujieleza, wengine tulikuwa na sababu zetu mikononi. Shemeji hakuwa na sababu yoyote. Alisema, "Tuligonga mahali panapotupendeza sisi. Tutagonga mahali panapomfaa anayejenga." Tangu siku ile alama inakaa ubavuni, mbali na ncha, na tena upande wa pili, ili msumeno ukila moja nyingine ibaki. Wateja wakalalamika kwangu, "Mmenichafulia mbao." Nikawajibu, kaka, hilo si doa, hicho ni kitambulisho.

Sasa nimseme shemeji mwenyewe. Ni dada mkubwa wa mke wangu, kwa hiyo namwogopa mara mbili. Kiwandani hapa jina lake hamlitumii. Mnamwita Bi Bado, na mnadhani hajui. Anajua! Mbao inatoka tanurini, inanukia vizuri, imenyooka kama askari wa gwaride, yeye anachomeka pini za kile kipima unyevu chake, anatazama, anasema, "Bado." Hasemi kwa ukali. Anasema kama mama anayemwambia mtoto chakula hakijaiva. Ukibembeleza, anakwambia bado. Ukipandisha sauti, anakwambia bado, halafu anakuuliza kama umekunywa maji, maana jua ni kali.

Kuna siku moja nataka niwasimulie. Alikuja mkandarasi mkubwa, wa kujenga wodi ya wazazi, yule ambaye muuzaji yeyote humwomba Mungu ampate. Lori lake limesimama getini, injini inanguruma, wapakiaji wamevua mashati. Nusu ya shehena imekwisha kugongwa muhuri. Nusu iliyobaki, Bi Bado amesimama mbele yake.

Nikamwendea. "Shemeji, lori linangoja."

"Naliona. Linanguruma mpaka meno yananitetemeka."

"Basi gonga."

"Bado."

"Bado nini sasa? Zimebaki na unyevu kidogo tu. Zitakaukia juu huko huko paani!"

"Zikikaukia juu zitajikunja juu, shemeji. Nani atapanda kuzinyoosha, wewe? Na tumbo hilo?"

Wapakiaji wakaangua kicheko. Mkandarasi akashuka, akaniambia mbele ya watu, "Nilidhani hapa wewe ndiye unayeuza." Nikamwambia ninauza. Akasema, "Basi mwambie mama huyu agonge, au nusu hiyo nikainunue kwingine." Nikamtazama shemeji. Yeye alichukua kitambaa chake, akaufuta muhuri wino, akautia mfukoni mwa aproni, akavuka kwenda kivulini. Lori likaondoka limejaa nusu.

Najua wengi mnangoja niseme kwamba mbao alizokwenda kuchukua kwingine zilivunjika, paa likaanguka, na mkandarasi akarudi hapa amepiga magoti. Hapana. Nilipita kwenye jengo lile wiki iliyopita, kina mama wanajifungua mle ndani salama, na Mungu aendelee kuwalinda. Mkandarasi naye hakurudi mpaka leo. Sina kisa cha kuwatisha nacho. Ninalo swali tu, na nimelilalia na kuamka nalo: ikiwa paa halikuanguka, je, shemeji alikosea?

Mimi nasema hakukosea, na nitawaambia kwa nini. Alama ile haitabiri yajayo, maana hayo anayajua Mwenyezi Mungu peke yake. Alama inasema kwamba kabla ya wewe kulala chini ya mbao hii, kuna mtu aliyeitazama na akaridhika. Ni ushahidi. Sasa mtu akishuhudia asichokiona, hata kikija kuwa kweli, ushahidi wake ulikuwa uongo siku ile ile alipoutoa. Hayo sikuyatoa kwenye semina ya viwango. Nimeyatoa kwenye magoti, nikisali, na nadhani nyote mliofundishwa na wazazi kumwogopa Mungu mnayajua.

Ndugu mwenyekiti, sasa nafika penyewe.

Kamati ilikaa, ikanipendekeza mimi niupokee muhuri huu leo. Nawashukuru kwa kuniamini. Mlitoa hoja zenu na zina maana: nimekwenda mafunzo yale yale, nimefuzu, masharti hayakatazi muuzaji kushika muhuri, na mizunguko ingepungua. Mjumbe mmoja alisema, "Lori likifika, mtu yule yule anauza, anagonga, anapakia. Raha tupu!" Palikuwa na kicheko, na mimi nilicheka.

Nikaenda nyumbani nimevimba kichwa. Nikamwambia mama watoto, anaosha vyombo: "Wamenipa muhuri wa dada yako." Hakugeuka. Akauliza, "Na wewe nani atakukatalia?"

"Anikatalie nini?"

"Dada akikukatalia unarudi hapa umenuna, hutaki hata kuongea, unalaza mbavu. Asubuhi umepoa, unakwenda kazini. Sasa mwenye kukataa akiwa wewe na mwenye kubembeleza akiwa wewe, utanuna na nani? Utajishinda, baba. Kubembeleza ndiyo kazi yako, na unaijua."

Ndugu zangu, nimeoa vizuri. Nilikaa pale kwenye kigoda nikaliona lori lile la mkandarasi tena, linanguruma, na safari hii kati yangu na nusu ile ya mbao hakuna mtu. Hakuna Bi Bado. Nipo mimi, na mkono mmoja una kalamu ya risiti na mkono wa pili una muhuri. Je, ningeugonga? Mnanijua. Mteja akiniita kaka, moyo wangu unayeyuka kama gundi ya mbao juani. Na nani kati yetu aliyewahi kuona mshitakiwa na hakimu wakikaa kiti kimoja, na kiti kisivunjike?

Kwa hiyo mbele ya mgeni rasmi, mbele yenu, na mbele ya Mungu, naukataa. Sitaushika leo, wala kesho kwa muda, wala "kwa kusaidia tu mpaka apatikane mtu". Nitaendelea kuuza, nitaendelea kubembeleza, na nataka awepo mtu wa kuniambia bado.

Mtu huyo yupo. Dada yetu wa tanuri, simama kidogo wageni wakuone. Simama, usijifiche nyuma ya nguzo. Huyu amefundishwa na shemeji, amefanya mtihani wa ofisi ya viwango na kufaulu. Kamati haikulitaja jina lake. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa ni mgumu, hana mdomo mtamu. Mwenyekiti, tusemezane kama ndugu: mwezi uliopita alikataa mbao zako mwenyewe, zile za nyumba ya mwanao, kwa kuwa zilikuwa na ufa unaokimbilia ukingoni. Uliudhika, nami nilikuwapo. Ulimwambia, "Binti, unajua mbao hizi ni za nani?" Naye alikujibu, "Najua, baba, na najua nani atalala chini yake." Mwenyekiti, mtu aliyelinda kichwa cha mwanao dhidi yako mwenyewe, utamnyima muhuri kwa kosa hilo?

Naona unatikisa kichwa huku unatabasamu. Tabasamu nimelipokea. Neno bado sijalisikia.

Shemeji yangu, umetutumikia kwa macho yako mpaka yamehitaji miwani. Ulivyokuwa ukitukatalia tulikunung'unikia, na leo tunakulilia. Mungu akupe afya, akupe usingizi wa mchana, na wajukuu wanaosikia wanapoambiwa bado. Ombi langu kwako ni moja: usiuache muhuri huu mezani auokote anayetaka. Uushike. Ukae nao mapajani mpaka uutie kwa mkono wako katika mkono unaostahili, na ukinyoosha kwangu nitaficha mikono mgongoni.

Na kwako mwenyekiti pamoja na kamati: Jumatatu asubuhi lori la shule ya msingi linakuja kuchukua mbao za paa la madarasa. Mbao ziko tayari, zimekauka, nimeziuza mimi mwenyewe. Lakini bila mwenye muhuri hazina alama, na bila alama sitazipakia, hata dereva aniite kaka mpaka sauti ikauke. Nitasimama pale getini nikimwambia neno nililofundishwa na shemeji.

Asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza, na Mungu awabariki nyote. Chai ipo, wala kuni zake leo hazina alama, nimezikagua. Mwenyekiti, mimi narudi kuketi. Nakuomba unijibu mapema, na ikiwezekana unijibu hapa hapa, shemeji akiwa bado ameushika.