Bi. Nekoye na Kopo la Disketi Saba

Tarehe 31 Julai 1998, Bi. Nekoye Wabwire anastaafu kutoka Kituo cha Vipimo vya Mito hapa Kisumu, baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili. Aliajiriwa kama mpiga chapa, akapelekwa kozi ya kompyuta, na tangu 1983 amekuwa mkuu wa chumba cha kompyuta.

Chumba hicho kina sheria moja: chai haivuki mlango. Mkaguzi kutoka makao makuu aliwahi kufika na kikombe mkononi. Alikimaliza kwenye korido, amesimama, huku Bi. Nekoye akimngojea bila haraka.

Mimi, Oduor, nimefanya kazi chini yake kwa zaidi ya miaka kumi. Nimeombwa niandike mambo mepesi ya kuwachekesha wageni wa sherehe ya kumuaga. Samahani, kuna moja zito ambalo siwezi kuliacha.

Aprili 1988 tulipokea toleo jipya la Fortran, lugha ya kompyuta ambayo programu zetu zote za mafuriko ziliandikwa kwayo. Bi. Nekoye aliagiza liwekwe mahali pake, kando ya lile la zamani. Diski ilikuwa karibu kujaa, nami nilijiona fundi. Nikaliweka jipya juu ya la zamani, nikazitengeneza upya programu zote kwa hilo, na sikumwambia mtu.

Alhamisi iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha siku tatu milimani. Kompyuta ikachapisha kwamba mto hautapanda. Meneja wetu, Bwana Kangethe, akaandaa taarifa ya kuwaambia machifu kuwa hakuna hatari. Wakati huohuo Mzee Ogola, msomaji wetu wa vipimo upande wa Katito, akaita kwa redio: "Mama, maji iko alama ya tatu na bado inapanda. Watu wamelala kwa nyumba zao. Nyinyi mnangoja nini?"

Ilikuwa saa nane mchana. Waliolala ni wale waliokesha wakichunga mifugo isisombwe.

Bi. Nekoye aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akajua. Kituo kimoja cha mlimani hakikuwa kimeleta kipimo asubuhi hiyo, kwa hiyo programu iliambiwa irudie hesabu mara sifuri. Fortran ya zamani, hata ikiambiwa sifuri, ilifanya hesabu mara moja. Mpya iliiruka kabisa. Na programu yetu iliitegemea ile mara moja ili kuingiza maji yaliyokwisha kuwa mtoni.

"Bwana Kangethe, hiyo karatasi usitie sahihi," alisema. "Nipatie saa moja."

Akafungua kabati, akatoa kopo la mafuta ya kupikia. Ndani mlikuwa na disketi saba za toleo la zamani, kila moja imefungwa kwa uzi mwekundu. Nilikuwa nimemcheka mara nyingi kwa lile kopo. Nilifuta mafaili ili nafasi ipatikane, naye akaziingiza moja baada ya nyingine. Ya tano ikakataa kusomeka. Akaijaribu tena, ikakataa. Akaitoa, akaipeleka kwenye mashine ya pili, akainakili kwenye disketi nyingine, akarudi nayo, ikakubali. Tukaitengeneza upya programu kwa toleo la zamani.

Saa tisa kasoro dakika nne karatasi mpya ilitoka: mto ungevunja kingo jioni hiyo. Bwana Kangethe alishika simu kuwaonya machifu kabla mashine haijamaliza kuchapa. Maji yalifika saa moja usiku. Yalichukua nyumba na mbuzi wengi. Mtu hakuchukuliwa hata mmoja.

Tangu siku hiyo matoleo yote mawili yamekaa katika kompyuta zetu, kila moja na sehemu yake, na kila programu ina kikaratasi kinachosema inatumia lipi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," Bi. Nekoye hutuambia, "lakini mgeni halali kitanda cha mwenyeji."

Makao makuu yalitaka jina la aliyekosea. Nilikuwa mlangoni kwenda kujitaja Bi. Nekoye aliponizuia. "Wewe una miezi minne hapa. Barua ya onyo itakufukuza. Mimi itanikera tu."

Nikarudi kukaa. Barua ikaandikwa kwa jina lake. Mwaka 1991 nafasi ya juu ilipotokea, alinyimwa kwa sababu ya barua hiyo, na nikanyamaza tena. Naona aibu mpaka leo.

Jana nilimpelekea Bwana Kangethe maelezo ya kisa hiki, niliyoyatia sahihi. Ameitoa ile barua kwenye faili la Bi. Nekoye na kuyaweka maelezo yangu kwenye faili langu.

Asante, Mama. Siku zako huko nyumbani Kimilili ziwe nyingi na zenye amani, na chai uinywe popote utakapo.