Faradji bin Alimasi na Neno Lililomzuia Kwenda Misri

Ndugu zetu wa Kabambare na Wamaza, wajomba mliotembea kutoka Lusangi, nanyi mliokuja kutoka Kasongo kwa hiari yenu mliposikia amezidiwa, kabla jeneza halijainuliwa familia imeagiza maisha ya marehemu yasomwe yote, pamoja na yale ambayo wengine wangependa yazikwe naye.

Marehemu Faradji bin Alimasi bin Sumaili alizaliwa hapa Kabambare, mwezi wa Shaabani mwaka 1289, ambao kwa hesabu ya boma la Wazungu ni 1872, mtoto wa pekee wa Alimasi bin Sumaili, fundi wa milango na mapaa, na Bi Feza, binti wa kabila la Wabangubangu wa Lusangi, aliyekuwa muungwana tangu kwao, hakununuliwa na mtu, akaolewa kwa mahari na fatiha, na kaka zake waliopokea mahari hayo wamekaa hapa mbele yenu.

Mwaka 1880 alipelekwa Kasongo kwa baba yake mdogo, Mzee Lukumani, asome chuoni kwa Mwalimu Atumani, akahitimu Korani mwaka 1885, akajua kuandika na kupiga hesabu, na mwalimu wake alizoea kusema kwamba kijana huyo hauoni ukuta bila kuuliza ni nini kinachouzuia usianguke.

Mwezi wa Novemba 1886, mto Kalumbi ulipofurika, daraja la kamba za mwituni lililokuwa karibu na Wamaza lilikatika wapagazi wakiwa juu yake na pembe zao za ndovu, akafa Mzee Alimasi pamoja nao, na tangu siku hiyo marehemu hakutaka kazi nyingine duniani ila kujenga daraja ambalo maji hayaliwezi. Mwaka 1888 akafika Kasongo fundi mmoja wa mawe kutoka Misri, akamsimulia kwamba kwao iko nyumba ya elimu ambamo vijana hufundishwa kupima uzito wa daraja kabla jiwe la kwanza halijawekwa, na kwamba yeye mwenyewe angempeleka, akamsimamia mpaka ahitimu. Faradji alikonda kwa furaha, akawa halali vizuri, akachora matao ya mawe kwa mkaa kwenye kila ukuta wa nyumba ya baba yake mdogo, hata wake wa nyumba hiyo wakamwita Bwana Misri.

Mnajua desturi ya safari za pwani ilivyokuwa, kwamba kijana asiye na baba hapokewi mpaka mzee wa ukoo wake asimame mbele ya mkuu wa safari, amtaje nasaba, aseme kuwa ni muungwana, kwa sababu njia ilikuwa ndefu na wasiotajwa na mtu waliuzwa. Hapo ndipo marehemu alipokosea, na yeye mwenyewe alilisema kosa hili mpaka mwisho. Mama yake alituma habari kwamba wajomba wangekuja Kasongo kushuhudia mahari waliyoyapokea, naye akawazuia, akiona haya kwamba waungwana wa mjini wangewacheka watu waliovaa magome ya miti, akasema neno la baba mdogo linatosha.

Mwezi wa Juni 1889 safari ilikusanyika, mizigo imefungwa, mkuu wa safari akauliza mbele ya watu wote, "Huyu kijana ni nani kwako?" Mzee Lukumani wakati huo alikuwa akijenga nyumba kubwa kuliko zote za mtaa wake, na aliyekuwa akimchongea milango bila ujira alikuwa Faradji. Akamtazama mtoto wa ndugu yake, akajibu, "Huyu ni mutumwa wa nyumba yetu. Mama yake tulimununua kule Lusangi."

Hakuwapo mtu wa kumkanusha. Safari iliondoka na fundi wa Misri, akigeuka nyuma mara kwa mara, na Faradji akarudishwa kwenye milango yake, ambako alifanya kazi ya mtumwa mpaka mwaka 1891, kwa kuwa neno lililosemwa mbele ya mji mzima halifutwi na kilio cha aliyesemewa. Mwaka huo alitoroka, akafika Lusangi, akawaomba radhi wajomba zake, na wao, badala ya kumcheka, walimfundisha kuchagua kamba, kuziloweka na kuzisuka, wakaenda naye Kalumbi wakalisimamisha upya daraja lililomuua baba yake, naye akawa mlinzi wake.

Mwezi wa Februari 1892 alimwoa Bi Nuru wa Wamaza, wakajaliwa watoto wawili, Subira aliyezaliwa Januari 1893, na Alimasi aliyezaliwa Septemba 1895.

Sasa tunafika Aprili 1893, Kasongo ilipoanguka mikononi mwa Wazungu na watu wakakimbilia huku na askari nyuma yao. Marehemu alivusha kila aliyefika, tajiri na maskini, akawavusha pia wake wa Mzee Lukumani na mwanawe Yakubu. Alipobaki Mzee Lukumani peke yake ng'ambo, kwa kuwa alirudi nyuma kufukia pembe zake, Faradji alikwisha kuzivuta fito za kukanyagia, kama ilivyokuwa kawaida adui akikaribia. Mzee akaita afunguliwe. Marehemu akamjibu bila kupaza sauti sana, "Mutumwa hafungue daraja mupaka bwana wake amutume. Bwana wangu ulisema ni weye. Basi vuka huku, baba, uje unitume."

Mzee Lukumani akapiga magoti kwenye tope, akamtaja kwa nasaba yake, Faradji bin Alimasi bin Sumaili, mwana wa ndugu yake, muungwana kwa baba na kwa mama, mama aliyeolewa kwa mahari.

"Sema tena," marehemu akamwambia, "wa huku nyuma hawajasikia."

Akasema tena, na wote walisikia. Marehemu akamwambia kwamba hilo ndilo neno lenyewe, wala halikukosewa hata kidogo, ila mkuu wa safari hayupo tena wa kulipokea. Akazifunga fito mafungu, akaondoka nazo bila kumvusha. Askari walimkuta Mzee Lukumani pale pale, wakamtwisha mizigo, akaibeba miaka miwili kwa mjeledi, na watoto wa Wamaza hata leo wakitumwa maji na mama zao hujibu, "Vuka kwanza, uje unitume." Marehemu hakuomba radhi kwa siku ile, na familia haiiombi leo.

Kiu ya elimu haikumtoka. Mwaka 1895 alikwenda bomani kuomba apelekwe Ulaya akasomee madaraja, akaambiwa kwamba huko hupelekwa pembe na mpira, si watu, akacheka alipotusimulia, lakini jioni ile hakula. Mwaka uliofuata alianza mwenyewe kupanga nguzo za mawe mtoni, na mwezi wa Novemba 1896, akiwa ndani ya maji kutwa, alishikwa na kifua, akaugua nyumbani kwake, akafariki leo alfajiri, tarehe 14 Machi 1897.

Familia inawashukuru mganga Bi Mwamini, aliyemuuguza bila kuchoka, majirani waliotuletea kuni na chakula, na mafundi wenzake wa Kalumbi, hasa Yakubu bin Lukumani, aliyekaa naye tangu avushwe na hakuwahi kumuuliza habari za siku ile.

Desturi yetu ni kwamba msomaji aseme marehemu amewasamehe wote. Marehemu alituusia, mbele ya mama yake na mkewe, kwamba amewasamehe wote isipokuwa mmoja. Mzee Lukumani amekuja asubuhi hii amevaa kanzu nyeupe, akaomba aingie kaburini kumpokea mwanawe, na Bi Feza amemjibu, "Mutu aingie kwa mutoto wake. Huyu ni wangu, nilimuzaa, sikumuuza." Watakaoingia ni wajomba wa Lusangi. Mzee Lukumani atabaki mkekani, wala udongo asitupe.

Pumzika, Faradji bin Alimasi, muungwana kwa baba na kwa mama. Amani ni yako peke yako, hatumgawii mtu.