Kiwanja cha Kivukoni na Mchezo wa Mwalimu Bushiri

Mwalimu Bushiri Mketo anatimiza miaka thelathini na minne ya utumishi na kustaafu tarehe 30 Juni 2002. Tarehe hiyo ni Jumapili na shule itakuwa imefungwa, kwa hiyo tunamuaga leo Ijumaa, baada ya sala.

Alianza kufundisha Chumbi mwaka 1968, akahamia Umwe, na tangu 1986 anafundisha Jiografia hapa kwetu. Katika mafuriko ya 1998 alikuja shuleni kwa mtumbwi, akasaini daftari la mahudhurio na kujiandikia kwamba amechelewa saa mbili. Sababu aliyoandika ni "maji".

Mwaka 1999 shule ilipata kompyuta ya msaada, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa kujenga miji. Mwalimu aliucheza kwa dakika arobaini, mpaka jenereta likazimika. Alisema aliyeutengeneza hajawahi kukanyaga tope. Mji wa watu elfu hamsini ulikuwa umesimama kinamasini bila njia hata moja, na hakuna mkazi aliyekwenda mazikoni.

Wiki iliyofuata alileta plaiwudi tatu na mbegu za ukwaju. Alichora bonde lote la mto wetu, kutoka deltani hadi Kibiti. Kila mbegu ilikuwa nyumba kumi, na kila zamu ilikuwa mwaka mmoja. Hivyo ndivyo Klabu ya Jiografia ilivyopata mchezo wake.

Mwanzoni ulikuwa na makosa. Zamda, mwanachama wetu anayetoka deltani, aliutazama akauliza, "Samahani Mwalimu, huu mto umeupigilia misumari?" Mwalimu hakukasirika. Aliuchora upya kwa kamba, ili mafuriko yakija tuuhamishe. Baadaye aliongeza kanuni kwamba mchezaji akiwahamishia watu mlimani, zamu inayofuata nusu yao hurudi bondeni na kujenga madungu, vile vibanda vya juu ya miti, walinde mpunga wao. Wazee waliokuja siku ya wazazi waliisoma kanuni hiyo wakacheka muda mrefu kuliko tulivyotegemea.

Kanuni aliyojivunia zaidi ni ya kumi na tisa: mji hukua pale wasafiri wanapolazimika kusubiri. Kwa kanuni hiyo, kivuko cha Ndundu kilianza na mbegu nne, na baada ya zamu kumi kilikuwa na kumi na tisa.

Mwezi Februari mwaka huu, nguzo za daraja jipya zikiwa zimeshaonekana mtoni hapo Ndundu, Zamda aliuliza itakuwaje daraja likifunguliwa. Tukalaza rula juu ya mto tukaendelea kucheza. Zamu ya tatu kivukoni zilibaki mbegu mbili. Sote tulijua kwamba Mwalimu ana kiwanja pale, na kwamba yeye na mkewe, Bi Siti, wamejiandaa kufungua mgahawa akistaafu. Matofali yalikuwa yamekwisha kufyatuliwa.

Mwalimu alisema dadu ina kasoro. Tulibadilisha dadu, zikabaki mbegu mbili zilezile. Ndipo akaandika kanuni mpya kwamba wasafiri wakifika darajani husimama kwanza kuutazama mto. Kivuko kikapata mbegu ishirini. Zamda akauliza kama na kijiji chao kinaweza kupewa kanuni ya namna hiyo.

Asubuhi yake tuliikuta kanuni imekatwa kwa kalamu nyekundu. Pembeni Mwalimu alikuwa ameandika: "Imetungwa na mtu mwenye kiwanja." Katika yote aliyotufundisha, mimi hili ndilo nitakalolikumbuka.

Jumamosi Bi Siti alikuja mwenyewe. Aliitazama plaiwudi bila kukaa, akauliza, "Haya wanangu, hayo mabasi yasiposimama mtoni yatasimama wapi?" Hatukuwa na kanuni. Akasema basi husimama penye maji, kivuli na choo, na tuanze na choo. Hiyo sasa ni kanuni ya ishirini na tatu. Tulipima barabara kwa uzi, tukahesabu saa ambazo abiria hukaa na njaa, uzi ukavuka mto na kutufikisha Nyamwage.

Bi Siti alituangalia mmoja mmoja. "Mkiwa mmekosea, wali wote mtaula ninyi." Tukakubali.

Matofali yalihamishiwa Nyamwage mwezi Mei. Yaliyovunjika ni mawili, na moja linazuia mlango wa maktaba. Choo kimekamilika. Mgahawa umefika kwenye madirisha.

Mwalimu Bushiri, tunakushukuru kwa kutuachia mchezo. Tunakuombea wewe na Bi Siti afya, amani na abiria wenye njaa. Kanuni zako zinasema kituo kipya kikidumu zamu tatu ndipo huchorwa kwa wino. Nyamwage tumeichora kwa penseli. Wino tumeuhifadhi kabatini.

Tasnim Yussuf, Kidato cha Tatu
Katibu, Klabu ya Jiografia