Mpangaji Akihama, Nyumba Haibomolewi

Mwalimu Phares Musyoka anastaafu tarehe 31 Agosti, baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha hifadhidata katika chuo chetu hapa Njiru. Ofisi iliniomba niandike maneno matamu. Musyoka hajawahi kuwa mtamu, na ofisi inalijua hilo kuliko sote.

Alianza na kompyuta nne, mbili zikiwaka. Chuo kimekuwa kikikimbilia kila kitu kinachong'aa na kudharau misingi. Tabia hiyo haistaafu. Yeye aling'ang'ania somo lisilopigiwa makofi: kupanga taarifa katika majedwali, kila kitu mahali pake, kisha kuyaunganisha.

Somo la kwanza kila mwaka lilikuwa ploti ya nyumba za kupangisha. Wanafunzi waliandika nyumba na mpangaji katika mstari mmoja. Musyoka aliufuta mstari. "Haya, Mama Wanza amehama. Nyumba iko wapi? Mmeibomoa? Nyinyi ni makarani au tingatinga?" Darasa lilicheka, kisha likachora upya: jedwali la nyumba, jedwali la wapangaji, na la tatu la kuonyesha nani anakaa wapi.

Ofisi ya usajili ilialikwa kwenye somo hilo mara kadhaa. Ilikuwa na shughuli nyingi. Basi mwezi uliopita ilipofuta jina la Musyoka mapema, somo zima la hifadhidata likatoweka naye, maana halikuwa limeandikwa popote ila kwenye mstari wa mwalimu. Ratiba ya Septemba ikatoka bila somo. Wanafunzi waliobakiza muhula mmoja wakaambiwa wachague lingine.

"Mfumo umelifuta, Mwalimu," alisema msajili, kama mtu anayetangaza mvua.

"Mfumo una mikono?"

Musyoka alikuwa likizoni tayari. Angeweza kutuachia aibu yetu. Badala yake alikaa ofisini humo na Jacky Wekulo, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni mwalimu mwenzetu, wakatenganisha majedwali ya walimu na ya masomo, kisha wakayaunganisha inavyostahili. Msajili alileta chai. Huo ndio mchango wake mkubwa hadi leo.

Asante, Mwalimu. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele, na majirani wasiokuita kila simu zao zikigoma. Jana jina lako lilifutwa tena, safari hii kwa utaratibu. Somo limebaki pale pale. Mbele yake pameandikwa: Jacky Wekulo.