Consolata Luhende, Jina Lake kwa L

Baba Paroko, wazee wa pande zote mbili, majirani wa Bunda, wageni kutoka Butiama na Musoma, wanafunzi wenzake, na ninyi mliosimama juani kwa kuwa maturubai hayakutosha, poleni na msiba, na asanteni kwa kufika.

Historia hii inasomwa na Mugeta, fundi mwashi wa Butiama, kaka wa mama mzazi wa marehemu. Kikao cha familia cha jana jioni kilipendekeza asome mtu mwenye ulimi mwepesi kuliko yeye, mjomba akagoma, na kikao kikamwachia, kwa sharti kwamba asiongeze maneno. Ameyaongeza, mtamsema mkifika makwenu, na sababu ya kugoma kwake mtaisikia kabla karatasi haijaisha.

Marehemu Consolata Luhende alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 2001, hapa Bunda, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Bwana Luhende, mkulima wa pamba ambaye wazee wake walihamia hapa kutoka Usukumani, na Bibi Nyangi, Mzanaki wa Butiama. Jina lake lina L moja, la baba yake nalo lina L moja, na ukoo wa baba wanazitamka zote mbili bila shida. Kwa wajomba zake L ni herufi ya darasani, mkono unaiandika vizuri, ila mdomoni inageuka R yenyewe, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake, maana ukimwita mtu akaitika, yameisha.

Mwaka 2005, akiwa na miaka minne, aligundulika mjini Musoma kuwa ana ugonjwa wa selimundu, ule wa chembe za damu zinazopinda na kuziba njia, na tangu hapo maisha yake yakawa ya kuogopa baridi, uchovu na safari ndefu. Kwa kuwa mama yake alikuwa amejifungua tena, na nyumba ya mjomba huko Butiama ilikuwa hatua chache kutoka zahanati, wazazi walikubaliana mtoto akakae kwa mjomba, na hivyo ndivyo alivyolelewa, hakuwa mgeni pale, alikuwa mtoto wa nyumba.

Jumatatu ya tarehe 14 Januari 2008 mjomba alimshika mkono akampeleka kuanza darasa la kwanza. Mwalimu aliuliza jina la mtoto, mjomba akalitaja, mwalimu akaandika alichosikia, mjomba akaweka sahihi kwenye nafasi ya mlezi, kisha akawahi kazini kwa sababu kulikuwa na msingi wa kumwaga siku hiyo. Aliona amemaliza kazi. Marehemu alihitimu darasa la saba mwaka 2014 akiwa wa tatu shule nzima, akasoma sekondari huko Nyegina kuanzia 2015 hadi 2018, akamaliza kidato cha sita mwezi Mei 2021, na kote huko vyeti vyake vilifuata daftari lile la darasa la kwanza, vikaandikwa Consorata Ruhende, kwa R mbili. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, ambavyo baba yake alivifuatilia mwenyewe, viliandikwa kwa L. Yeye alicheka tu, akasema nyumbani anaitwa Conso, na Conso haina L wala R.

Oktoba 2021 alijiunga na chuo kikuu kimoja kilichoko nje ya mkoa wetu, ambacho familia imeamua kutokitaja, kwa kuwa hapa ni msibani, si mahakamani. Alisomea shahada ya mifumo ya taarifa za biashara, yaani namna ya kutengeneza programu za kompyuta zinazotunza kumbukumbu za maduka, ghala, hospitali na ofisi. Alipokuwa anapiga simu na kusema kwamba siku nzima ameandika kodi, mama yake aliwatangazia majirani kuwa binti anasomea mapato, ikabidi aje mwenyewe likizo kueleza kwamba kodi hiyo ni maagizo anayoiandikia kompyuta, na kwamba yeye hamdai mtu yeyote chochote. Tusimpambe, mwaka wa kwanza somo la kuandika programu lilimshinda, akapata sapu, yaani mtihani wa marudio, akarudi kulifanya huku mkono wake wa kulia umevimba kwa ugonjwa, akafaulu, na hakuanguka somo tena.

Likizo ya mwaka wa pili alimweleza mjomba, wakiwa wanamenya mihogo, kitu ambacho mhadhiri wao aliwakazania kila kipindi, kwamba kwenye mfumo wowote mtu asitambuliwe kwa jina lake, apewe namba moja isiyobadilika, kwa sababu majina ya watu hayana msimamo. Mjomba akamjibu kwamba namba wanapewaga wafungwa, wakacheka mpaka mihogo ikachelewa jikoni. Mjomba anaikumbuka siku hiyo kuliko anavyopenda.

Mafunzo kwa vitendo aliyafanya mjini Musoma kuanzia Julai hadi Septemba 2023, akipanga pamoja na rafiki yake Diana chumba kimoja pale Iringo, katika zahanati ya mtu binafsi ambako alikuta wagonjwa wengi wana mafaili mawili, moja la L na moja la R, dawa za mtu zimeandikwa huku na vipimo vyake viko kule. Kutokana na hilo akatengeneza programu yake ya kumalizia shahada. Ukiandika jina lenye L, inakuletea na lenye R, inayaweka pamoja kwenye kioo, kisha inakuuliza swali moja, Je, huyu ni mtu mmoja, na wewe unajibu ndiyo au hapana. Walimu walimpa alama ya juu kabisa. Ukurasa wa kwanza wa andiko lake unasema, kwa mjomba wangu Mugeta, aliyeniandikisha shule.

Sasa yanakuja yale ambayo kikao kilisema yasisomwe. Chuoni kila somo lina sehemu mbili, kuna alama arobaini za majaribio na kazi za darasani, ambazo wenyewe wanaziita kosiweki, na kuna alama sitini za mtihani wa mwisho. Katikati ya muhula wake wa mwisho chuo kilihamia kwenye mfumo mpya wa kompyuta, orodha moja ikaletwa kutoka kwenye vyeti vya sekondari, nyingine kutoka kwenye vitambulisho, zikaoanishwa kwa majina. Matokeo yalipotoka mwezi Agosti 2024, palikuwa na wanafunzi wawili. Consolata wa L alikuwa na kosiweki ya masomo yote na hakufanya mtihani hata mmoja, na Consorata wa R alifanya mitihani yote na hakuwa na kosiweki hata moja. Wote wawili wakaandikiwa kwamba hawajakamilisha. Mahafali yalifanyika Novemba, na yeye siku hiyo alikuwa Iringo anawatolea watu fotokopi.

Wazazi na mjomba waliambiwa na marehemu kwamba kompyuta ya chuo imeharibika na itatengenezwa, wakaamini, kwa kuwa yeye ndiye aliyesomea mambo hayo.

Kazi aliyoifanya tangu Septemba 2024 ilikuwa katika stesheneri moja hapo Iringo, akiwajazia vijana maombi ya vyuo na ya ajira mtandaoni. Wengi wenu mliokaa upande ule mlipita mikononi mwake, na mnajua kwamba hakukubali kutajiwa jina, alikusukumia karatasi na kalamu ukaliandika mwenyewe kwa mkono wako, hata kama foleni imefika barabarani, na kuna waliomwona ana maringo. Hakuwa na maringo.

Katika muda huohuo alisafiri kwenda chuoni mara nne, Septemba, Januari, Aprili na Agosti, kila safari zaidi ya saa kumi na mbili ndani ya basi, mtu ambaye daktari alimkataza uchovu. Mara ya kwanza aliambiwa alete kiapo cha mahakama kwamba majina yote mawili ni yake, akapeleka. Mara ya pili aliambiwa kiapo hakitoshi, alete barua ya shule ya msingi ya kueleza jina la pili lilitoka wapi. Mara ya tatu barua ilipokelewa, ila haikuwa na muhuri mahali panapotakiwa. Alirudi kila mara akiwa amevimba miguu, anakaa siku tatu bila kuinuka, ya nne anafungua duka. Kila dirisha alilofika alikuwa anafahamu kosa liko wapi, angepewa kiti na dakika kumi angelirekebisha mwenyewe, maana programu ya kulirekebisha alishaiandika, na walimu wa chuo hichohicho waliipa alama.

Kwenye ndoa na watoto, ambapo historia nyingine huwa ndefu, ya kwake ni fupi. Hakuolewa na hakujaliwa mtoto. Kijana mmoja wa Musoma alileta posa kwa heshima mwezi Machi mwaka huu, marehemu akamwomba asubiri mpaka apate cheti, kwa sababu alitaka jina la kwenye cheti cha ndoa lisije likawa la tatu. Kijana huyo yupo hapa, na familia inampa pole kama mwenzetu.

Safari ya nne, ya kupeleka barua iliyogongwa muhuri upya, aliondoka tarehe 25 Agosti 2025, akarudi tarehe 28 analalamika kifua, na tarehe 1 Septemba akalazwa hospitalini mjini Musoma, mapafu yakiwa yameshambuliwa na ugonjwa wake uleule. Madaktari walipambana, aliongezewa damu, siku ya Alhamisi alikaa kitandani akala uji na kumtania mama yake kuhusu kodi. Jumamosi ya tarehe 6 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, miezi mitano na siku ishirini na tatu. Mjomba alimuuliza daktari kama ni zile safari, daktari akamjibu kwa upole kwamba ugonjwa huu hauhitaji safari ili umchukue mtu, mjomba akashukuru, ila hakumwamini, na hadi sasa hamwamini.

Jana Jumatatu yalitokea mambo mawili. Asubuhi iliingia barua pepe kwenye simu ya marehemu, Diana akaisoma mbele ya wazazi, kwamba vielelezo vyote vimekubaliwa, na ili majina yaunganishwe mhusika afike mwenyewe ofisini ndani ya siku thelathini. Mchana ukaletwa msalaba, ambao mjomba alikuwa ameuagiza kwa fundi kwa simu, akamtajia jina kwa mdomo wake, na msalaba ulipofunuliwa ulikuwa umeandikwa Consorata Ruhende.

Diana ndiye aliyelia kwanza. Mjomba alianza kumfokea fundi, na hapo mwalimu mkuu wa shule ya Butiama, aliyekuwa amekaa pembeni, akamvuta nyuma ya nyumba akamwambia jambo ambalo alikatazwa kulisema. Mwezi Februari marehemu alifika shuleni kutafuta barua, wakafungua daftari la mwaka 2008, wakaliona jina kwa R mbili, na chini yake sahihi ya mlezi. Alilipiga picha, kisha akamwomba mwalimu kitu kimoja, mjomba asiambiwe, kwamba ni mtu wa kujilaumu sana na presha inamsumbua. Miezi saba alikula naye, alimpigia simu kila Jumapili, akamwambia ni kompyuta. Mjomba aliyekuwa anajisifu vilabuni kwamba yeye ndiye aliyemwandikisha shule, amejua jana alichomwandikisha. Leo asubuhi, alipokwenda Musoma kuchukua kibali cha mazishi, karani aliuliza jina la marehemu, mjomba akasukuma kitambulisho dirishani na hakufungua mdomo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu akiwa na miaka minne hadi pumzi ya mwisho, inawashukuru majirani wa Bunda waliochota maji na kupika siku nne hizi, wafanyakazi wenzake wa Iringo waliofunga duka, wanafunzi wenzake waliosafiri kutoka mbali, na Diana, aliyemuuguza, aliyeichapa karatasi hii, na aliyeufuta msalaba jana kwa tina ya kuondolea rangi na kuandika upya herufi zile mbili. Baba yake atakwenda chuoni ndani ya siku hizo thelathini, akiwa na cheti cha kifo, na ataketi pale mpaka waunganishe.

Kwenye karatasi hii jina lake limeandikwa kwa L kila mahali. Kama masikio yenu yamesikia R, kosa si la Diana wala la mashine, ni la mdomo uleule wa mwaka 2008, ambao umefanya mazoezi tangu alfajiri na umeshindwa, lakini usingekubali kumwachia mtu mwingine kazi ya kumtaja leo. Alikuwa anaitika kwa yote mawili. Ule mfumo wake ulikuwa unauliza swali moja, na hakuna aliyemjibu akiwa hai, basi sisi tuliopo hapa tumjibu. Ndiyo, ni mtu mmoja, na ndiye huyu.

Pumzika kwa amani, Consolata binti Luhende.