Fundi Kitambaa na Rejeta Aliyoifungua Mara ya Pili

Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Fundi Kitambaa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba fundi cherehani na mama mkulima. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa kike. Marehemu aliukagua mwenyewe akiwa hospitalini, akafuta sifa mbili alizoona zimezidi, na akaagiza jambo moja lisiachwe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966. Hakuwa hodari wa kuandika, na hatutamsingizia. Akiwa darasa la nne aliifungua saa ya ukutani ya baba, akaifunga, ikatembea vizuri, lakini akabakiwa na skrubu moja mkononi. Angeweza kuitupa. Aliipeleka kwa baba, akapokea adhabu yake. Alihitimu chuo cha ufundi wa magari mwezi Novemba 1978.

Tarehe 3 Februari 1979 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya malori, akatumika hapo miaka thelathini na tisa. Alichukia vitu viwili: uvivu, na spana iliyorudishwa chafu.

Tarehe 22 Juni 1985 alifunga ndoa na mke wake, muuguzi, wakajaliwa watoto watatu. Katika miaka ya baadaye alikuwa na mazoea ya kuinua kikombe cha chai kwenye mwanga wa dirisha na kukichungulia kabla ya kunywa.

"Baba watoto, hiyo ni chai," mkewe alimwambia. "Rejeta umeiacha kazini."

"Nitajuaje bila kuangalia?"

Mazoea hayo yalikuwa na chanzo chake, na hilo ndilo jambo aliloagiza lisemwe.

Tarehe 18 Agosti 2003 lori moja lilirudi karakana likiwa limechemka. Dereva wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mke wake. Kulanti, yaani yale maji ya dawa yanayopita kwenye rejeta na kupoza injini, hutakiwa kuwa safi. Siku hiyo kulanti ilikuwa nzito na ya kahawia kama uji. Marehemu alichungulia tu, kisha akasema uwanjani mbele ya madereva kumi na wawili:

"Shemeji, umetia maji ya mtaro humu."

"Sijatia. Nilijaza maji ya bomba, kwa dumu langu mwenyewe."

"Bomba gani hilo linatoa tope?"

Madereva wenzake wakacheka. Dereva alisimamishwa kazi siku hiyohiyo, na jina la Bwana Mtaro likamganda.

Rejeta ilisafishwa, na lori likakabidhiwa dereva mwingine. Baada ya siku nne uji ukarudi, ingawa dereva huyo alitumia kulanti mpya ya dukani. Marehemu akasubiri injini ipoe, akafungua mfuniko wa rejeta, na safari hii akachovya kitambaa cheupe. Kisha akausugua uji ule kati ya vidole. Tope huwa na mchanga. Huu ulikuwa laini, unateleza. Ilikuwa oili. Akapima oili ya injini, akakuta imepungua. Akakifungua kile kifaa ambamo oili na maji hupita jirani bila kukutana, ili oili ipoe. Akakizamisha kwenye beseni la maji na kukijaza upepo. Mapovu yakatoka kwenye ufa mwembamba kama unywele.

Alibadilisha kifaa hicho pamoja na mipira ya maji iliyokuwa imevimba kwa oili. Aliiosha njia nzima ya maji kwa sabuni na maji ya moto mara tano, mpaka kitambaa kikatoka cheupe kama kilivyoingia. Kisha aliingia ofisini kwa meneja, akafunga mlango, akasema kosa ni lake. Shemeji akarudishwa kazini. Tangu siku hiyo marehemu hakutamka ubovu wa gari lolote kabla hajachovya kitambaa, na hapo ndipo lilipotoka jina lake.

Lakini jina la shemeji halikufutika. Marehemu alilisikia uwanjani karibu kila siku, akanyamaza. Shemeji aliendesha lori miaka kumi na minne akiitwa Bwana Mtaro, hadi alipostaafu. Hilo ni kosa la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. La kwanza lilikuwa la macho.

Mwezi Oktoba 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alipoanza kusafishwa damu kwa mashine, aliwauliza wauguzi maswali mengi kuhusu mipira na vichujio, na hakuridhika na majibu yote. Mwezi Mei mwaka huu wa 2024 alimwita mdogo wake kitandani.

"Nilimsema hadharani, nikamsafisha mlango umefungwa," alisema. "Haiko sawa."

"Basi mwite umwambie, kaka."

"Yeye nimeshamwambia. Amenisamehe, tena upesi mno. Waliobaki ni wale waliocheka."

"Na msibani ndiyo mahali pake?"

"Watakuja wote. Tena watakaa kimya."

Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa nane mchana, mke wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, ndugu wanne, na shemeji yake aliyeketi mstari wa mbele kwa maagizo ya marehemu: dereva aliyejaza maji safi ya bomba, kwa dumu lake mwenyewe.

Mliocheka siku ile mmesikia. Kaka, tumeufungua mlango. Lala sasa, upumzike kwa amani.